Kompyuta moja, darasa zima: uzoefu wangu na PhET na Plickers

Ukitafuta zana za mtandaoni za kufundishia unamwagiwa orodha ndefu, na nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kana kwamba kila mwanafunzi ana kompyuta yake mezani. Mimi nafundisha fizikia kwenye darasa lililojaa, na vifaa vilivyopo ni vyangu mwenyewe: kompyuta iliyounganishwa na projekta, na simu. Kwa hali hiyo zana nyingi nimeziacha. Mbili nimebaki nazo.

Ya kwanza ni PhET, mkusanyiko wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Ni ya bure, haikulazimishi kujisajili, na majaribio yake mengi unaweza kuyapakua yakafunguka kwenye kivinjari hata intaneti ikikatika. Baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili.

Jaribio ninalolitumia kuliko yote ni la saketi. Unavuta betri, nyaya, balbu na swichi kwa kipanya. Ukifunga swichi, vidoti vya buluu, yaani elektroni, vinaanza kutembea ndani ya waya. Ongeza balbu ya pili kwa mfululizo: zote mbili zinafifia na vidoti vinapunguza mwendo. Hapo huondoa mkono kwenye kipanya na kuuliza, "Na nikiiweka sambamba?" Nawaacha wabishane mpaka kila mmoja awe na upande wake, ndipo naunganisha. Halafu kuna shoti. Unganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu uone moto unavyowaka kwenye skrini. Darasa zima hupiga kelele, na wa nyuma kabisa huomba nirudie.

Lakini haichukui nafasi ya nyaya halisi. Kwenye skrini hakuna ncha iliyolegea wala kutu, kwa hiyo aliyezoea huko huduwaa balbu ya kweli inapokataa kuwaka. Na vile vidoti navyo vinahitaji maelezo: elektroni katika waya wa kawaida husogea polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde, ingawa taa huwaka papo hapo. Usipolisema hilo mapema, utakuta kwenye majibu ya mtihani wameandika kwamba elektroni hukimbia kasi.

Ya pili ni Plickers, zana ya kuuliza maswali ya kuchagua, na hii ndiyo inayowashangaza walimu wenzangu. Wanafunzi hawahitaji simu. Kila mmoja ana kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa pande nne, A hadi D. Anaizungusha mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, mimi napitisha kamera ya simu darasani, na majina yanajitokeza pamoja na majibu. Herufi ni ndogo na kila kadi ina mchoro wake, basi kumchungulia jirani hakusaidii sana. Chapisha kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, maana mwanga ukiakisiwa kamera inapata shida kusoma, na wakumbushe wasifunike mchoro kwa vidole. Ila inapokea majibu ya kuchagua tu. Ukitaka mwanafunzi aeleze kwa nini, rudi kwenye daftari.

Kahoot!, mchezo wa maswali wa mtandaoni, inachangamsha kweli, hasa vifaa vikiwepo, lakini kwa kawaida anayejibu haraka ndiye anayezoa alama, na mimi nina wanafunzi wazuri wanaofikiri taratibu. Walimu wa hisabati waende moja kwa moja GeoGebra, zana ya kuchorea grafu na maumbo.

Tahadhari moja tu. Kuna jukwaa la maswali, silitaji jina, lililonivuta kwa ubure wake. Nilipokwisha kulijaza maswali yangu, likafunga sehemu ya kupakua matokeo mpaka nilipie. Siku hizi maswali yote nayaandika kwanza kwenye faili la kawaida kwenye kompyuta yangu, ndipo nayahamishia kwenye zana yoyote ile.