Oili ya pikipiki ya kupoozwa na hewa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kama unaendesha Boxer, TVS HLX, SanLG, Haojue au pikipiki nyingine ya CC 100 hadi 150 isiyo na rejeta, na huna muda wa kusoma zaidi ya aya moja, chukua oili ya pikipiki ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA au MA2, ile ya kawaida isiyo sintetiki, kwa muuzaji unayemfahamu, kisha uibadilishe mapema. Kwa bodaboda wengi wa mikoa ya joto hiyo ndiyo namba moja. Yanayofuata ni kwa anayetaka kujua sababu, na kwa aliyefika dukani akaambiwa hiyo imeisha.

Tuanze na injini yenyewe. Kwenye gari, oili ya injini ni ya injini tu: giaboksi ina oili yake, na klachi ya gari ya gia za mkono ni kavu. Kwenye pikipiki hizi, lita moja hivi ya oili inalainisha pistoni, inazunguka kwenye gia, na pleti za klachi zinaogelea humohumo. Hapo hakuna maji ya kupoza. Joto linatoka nje kupitia zile mbavu za silinda, nazo zinataka upepo. Ukikwama kwenye foleni saa nane mchana na injini inaunguruma, upepo hakuna, na sehemu kubwa ya kazi ya kupoza inabaki kwa oili.

Gia nazo zina lao. Oili yenye namba mbili kwenye jina lake, kama 20W-50 au 10W-40, huwekewa kemikali za kuifanya isiwe nyepesi mno inapopata moto. Meno ya gia huzikatakata kemikali hizo siku hadi siku, na oili hupoteza unene wake. Dereva huligundua hili kwa mguu kabla ya fundi: gia iliyokuwa inaingia laini siku ulipobadilisha oili inaanza kugonga, na frii unaitafuta mara tatu kwenye taa nyekundu. Ukiona hivyo na klachi yako imerekebishwa vizuri, oili imechoka.

Sasa geuza chupa. Watu wengi wanasoma mbele, kwenye picha ya pikipiki na jina kubwa. Habari iko nyuma. Tafuta kwanza herufi JASO. Hiki ni kipimo cha Wajapani, T903, kilichoanza 1998 kwa sababu oili mpya za magari zilikuwa zimeanza kuwekewa vitu vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Vitu hivyo ni vizuri kwa gari, lakini klachi iliyolowa inaishi kwa msuguano. Ukiiondolea, pleti zinateleza. MA ni oili inayoshika klachi. Ndani yake kuna MA1 na MA2, na MA2 ndiyo inayoshika zaidi. MB ni ya msuguano mdogo, inafaa skuta za mkanda ambazo klachi yake haigusi oili. Usiiweke kwenye Boxer.

Alama kamili huwa ni kisanduku kidogo: juu yake kuna namba ya usajili yenye herufi na tarakimu, chini kuna MA au MA2. Namba hiyo ina maana kwamba kampuni imeiandikisha oili hiyo kwenye orodha inayotunzwa Japani na JALOS, chama cha huko cha oili za kulainisha. Chupa iliyoandika tu "inafaa JASO MA" bila kisanduku wala namba inaweza kuwa nzuri, ila hapo unategemea neno la mwenye kiwanda. Kati ya chupa mbili za bei moja, chukua yenye namba.

Baada ya JASO soma API, kipimo cha ubora cha Wamarekani. Herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kipimo kilivyo kipya: SL ni ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010. Kwa injini hizi SJ au SL inatosha kabisa. Oili ya SF, ambayo bado imejaa kwenye maduka ya spea, ilitungwa kwa magari ya hadi 1988. Ni rahisi, na kwa injini inayoshinda juani na abiria wa mshikaki, urahisi huo unaulipa kwenye ringi za pistoni.

Halafu namba. Ile ya mwisho inaeleza unene wa oili ikiwa nyuzi 100: daraja la 30 ni sentistoki 9.3 hadi 12.5, la 40 ni 12.5 hadi 16.3, la 50 ni 16.3 hadi 21.9. Namba yenye W inahusu baridi. Pwani haina uzito mkubwa, lakini Makete au Njombe mwezi wa saba, asubuhi ya umande, utaona tofauti ya 10W na 20W kwenye kiki ya kwanza.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja nimeshaitaja: 20W-50 ya pikipiki, MA au MA2, API SJ kwenda juu. Majina yanayopatikana madukani ni kama Castrol Activ na Motul 3000, na yapo mengine. Jina si hoja kubwa kama alama zilizo nyuma. Inavumilia joto, inaifaa injini iliyotumika na kuanza kulegea kidogo, na bei yake inakuruhusu kuibadilisha bila kuumia. Hilo la mwisho ndilo linaloipandisha juu. Pikipiki nyingi za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125 ya 1976, ambayo haina filta ya karatasi: ina chujio la waya na kisahani kinachozungusha oili ili uchafu ubaki pembeni. Chembe ndogo za chuma na masizi hukaa ndani ya oili mpaka uimwage. Hakuna bei ya oili inayofuta ukweli huo, kwa hiyo oili ya wastani inayomwagwa kila kilomita 1,500 hadi 2,000 naiamini kuliko ya ghali inayobembelezwa hadi 4,000. Bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku hufika hapo ndani ya wiki mbili au tatu. Pikipiki mpya imwage ya kwanza mapema zaidi, karibu na kilomita 500, kwa sababu ndipo vyuma vinaposagana kuzoeana.

Namba mbili ni 10W-40 nusu sintetiki yenye MA2, mfano Shell Advance AX7 au Motul 5100. Kwa anayeishi nyanda za juu, au mwenye pikipiki mpya anayekwenda nayo kazini na kurudi, hii naiweka ya kwanza. Inafika juu kwenye kamshafti haraka asubuhi na inastahimili joto vizuri. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja 10W-30 au 10W-40, kifuate kitabu. Injini mpya imechongwa kwa vipimo vya oili hiyo. Lakini injini ya zamani inayovuta oili inaweza kuila hii haraka zaidi ya 20W-50.

Namba tatu, 20W-40 au 15W-40 ya pikipiki. Ukiwa safarini na namba moja haipo, iweke bila wasiwasi.

Sintetiki kamili naiweka ya nne, na si kwa ubaya. Ni oili bora kuliko zote hizi. Tatizo ni kwamba kwenye injini isiyo na filta ya karatasi utaimwaga ikiwa bado ina nguvu, na pesa imekwenda. Kama pikipiki yako ina filta nzuri na unapanda milima kama Kitonga na mizigo, hapo hesabu inabadilika.

Ya tano ni 15W-40 ya dizeli, ile ya malori. Mafundi wengi wanaiweka na pikipiki zinatembea. Kwa kawaida haina vile vitu vya kuteleza, kwa hiyo klachi inashika. Ila kemikali zake za kusafisha masizi ya dizeli huacha majivu mengi kwenye chemba ya injini ya petroli. Kwa dharura sawa, kwa mazoea hapana.

Ya sita, SAE 40, ile yenye namba moja tu isiyo na W, inayopimwa kutoka kwenye pipa. Ina sifa moja ya kweli: kwa kuwa kwa kawaida haina zile kemikali za unene, gia hazina cha kukata. Hata hivyo ni nzito asubuhi, na mara nyingi kipimo chake cha API ni cha zamani sana au hakijulikani.

Za kuacha dukani: 0W-20 na 5W-30 za gari zenye maandishi ya kuokoa mafuta. Dalili ya klachi kuteleza ni injini kulia juu mlimani huku pikipiki haiongezi mwendo. Acha pia oili ya 2T, ambayo kazi yake ni kuungua pamoja na petroli, pamoja na vile vichupa vya kuongeza nguvu vya kumiminia ndani ya oili. Na oili ya kidumu kisicho na jina usiiguse hata ukipewa bure.

Angalia chupa bandia. Kizibo kiwe na pete inayokatika mara ya kwanza kufunguliwa, foili chini yake iwe imeshika pande zote, na namba ya toleo isomeke kwenye chupa. Bei iliyo chini sana ya maduka mengine mtaani ni sababu ya kutosha kuondoka. Chupa yako ukishaimaliza, itoboe kabla ya kuitupa, maana chupa nzima ndizo zinazookotwa na kujazwa tena.

Mwisho ni kipimo. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imepata moto na kuzimwa dakika chache. Futa kijiti, kirudishe. Kwenye muundo wa CG kikalie tu, usikikaze, kisha usome. Kwenye lita moja, kupungua robo lita ni robo ya kila kitu: robo ya kulainisha na robo ya kupoza, kwa hiyo pima kila Jumatatu. Na ukichomoa, kinuse. Kikinuka petroli na oili imepanda juu ya alama, kabureta inavujisha petroli kwenda chini. Ipeleke kwa fundi aangalie nido na boya vya kabureta kwanza, kisha ndipo ununue oili mpya.