Nyuzi za tofali za udongo na saruji: ipi ununue kwanza

Malalamiko ya wasomaji ni yale yale: saruji imewekwa ya kutosha, nyuzi zimo, na bado siku ya tatu tofali linameguka kwa kidole. Wote wanailaumu saruji. Angalia nyuzi kwanza. Zikibaki na utomvu, sukari yake huchelewesha saruji kuganda, na hakuna muuzaji atakayekuambia.

Kabla hujalipia gunia, omba konzi moja. Iloweke usiku kucha, chuja, kanda saruji kwa maji hayo kwenye kikombe kimoja, na kwa maji safi kwenye kingine. Kesho yake chokoa kwa msumari. Cha kwanza kikichimbika na cha pili kikagoma, nyuzi hizo zioshwe upya au ziache.

Nafasi ya kwanza naipa singa za mkonge za Tanga, daraja la UG, yaani la chini. Kulipia 3L, daraja la singa ndefu, ni kutupa hela, maana utazikata vipande vya sentimita 3 hata hivyo. Mfuko wa kilo 50 wa saruji unatosha udongo mkavu kilo 625 (asilimia 8), na singa kilo 3 tu. Zichambue kwa mkono, zinyunyize kwenye mchanganyiko ukiwa bado mkavu, ndipo maji. Ukianza na maji zitafanya mabonge. Zikizidi asilimia 1, tofali huvimba likitoka kwenye mashine ya kushindilia na kupasuka kwa matabaka.

Ya pili ni usumba, nyuzi za kumbi la nazi. Unastahimili ukali wa saruji kuliko mkonge, ila ule uliofukiwa ufukweni una chumvi. Usiposuuzwa kwa maji yasiyo ya chumvi, ya kisima au bomba, ukuta utatoa unga mweupe.

Nyasi kavu? Kwa banda la kuku. Kamba chakavu usinunue kabisa: nyingi hupakwa mafuta kiwandani, saruji haizishiki.

Saruji yangu ni Simba ya daraja la nguvu 32.5; ile ya 42.5, yenye nguvu zaidi, hapa ni gharama ya bure. Funika tofali kwa nailoni na umwagilie siku 7.

Kinachoudhi ni mizani. Singa huuzwa kwa kilo, na wapo wanaozinyunyizia maji alfajiri. Juu jua limeshakausha, kwa hiyo fungua fungu, ingiza mkono katikati. Ukihisi ubaridi, dai punguzo au nenda kwa mwingine.