Tathmini ya Biblia ya Union Version yenye Maandishi Makubwa

Biblia ninayoitathmini hapa ni ile ya Kiswahili ya Union Version, toleo la maandishi makubwa, lenye jalada laini jeusi, zipu na utepe mmoja wa kuwekea alama. Nimeisoma kila alfajiri nyumbani kwangu Mombasa, masika na kaskazi, na ninampendekezea kwa moyo wote yeyote anayetaka kukaa na Mungu kila siku badala ya kumngojea Jumapili. Ushauri wangu ni kwamba aiweke mahali pamoja nyumbani, ikiwezekana mezani karibu na dirisha, na asiihamishe hapo.

Ukubwa wa maandishi si jambo la wazee peke yao. Wakati ninaoutumia kwa sala ni ule ulio kati ya adhana ya alfajiri na saa ambayo makanga wa matatu huanza kuita abiria, wakati ambapo macho bado ni mazito, na pengine stima imepotea na taa ni ile ya chaji tu. Mtu anayelazimika kukodoa macho hufanya haraka ili amalize, na akifanya haraka hufika mwisho wa sura bila kuwa ameomba. Maandishi haya humruhusu kusoma aya moja kwa sauti ya chini, akanyamaza, akairudia, na kisha akayageuza maneno yake kuwa dua.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba toleo hili halina maelezo ya wafafanuzi; lina marejeo peke yake, yaani alama fupi zinazomwelekeza msomaji kwenye aya nyingine za Biblia hiyohiyo. Najua wengi huzipenda Biblia zenye maelezo marefu chini ya ukurasa, nazo zina kazi yake kwa mwalimu anayeandaa somo. Kwa sala ya kila siku, hata hivyo, naona maelezo hayo hujibu swali kabla mtu hajapata nafasi ya kumuuliza Mungu mwenyewe. Marejeo hufanya kazi tofauti. Ukifungua Zaburi ya 22, kilio kinachoianza kinakupeleka Mathayo 27:46, kwa Yesu aliyekilia msalabani. Ukifika pale nguo zinapogawanywa kwa kura unapelekwa Yohana 19. Na aya ya 22, ambamo mteswa anaahidi kulihubiri jina la Mungu kwa ndugu zake, inakupeleka Waebrania 2:12, ambapo mwenye kusema maneno hayo ni Kristo. Niliisoma zaburi hii kwa namna hiyo wakati nilipokuwa nikimwombea jamaa aliyelazwa hospitalini. Ilinipa maneno ya kulia mbele za Mungu bila hofu ya kumkosea heshima, kwa kuwa Mwana wake mwenyewe alilia hivyo, na ilinipa pia sababu ya kuendelea mpaka aya ya 24, inayoshuhudia kwamba Mungu hakumficha mteswa uso wake. Hakuna aliyenifafanulia hayo asubuhi ile. Niliongozwa na alama ndogo za pembeni, na nilikuwa tayari nimepiga magoti nilipoyaelewa.

Kasoro ya marejeo hayo ni kwamba yamechapwa kwa herufi ndogo mno kulingana na maandishi mengine, kiasi kwamba anayehitaji miwani bado ataihitaji hapo. Ni jambo la kusikitisha katika toleo lililokusudiwa kuwaondolea watu tabu ya macho.

Toleo hili halina ratiba ya kusoma, kwa hiyo msomaji atajipangia mwenyewe. Kwa anayeanza, simshauri ashike mpango wa kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja, kwa sababu sura zake ni 1,189, ambazo ni zaidi ya tatu kwa siku, na wengi hukwama wakifika Mambo ya Walawi, kisha wakaacha kusoma kabisa kwa kukata tamaa. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, utalimaliza katika wiki 52 kamili, na Jumamosi itabaki kuwa siku ya kurudia aya zilizokugusa na kuziombea. Pamoja na sura hiyo soma zaburi. Waanglikana wamerithi tangu karne ya 16 utaratibu wa kuzigawa Zaburi zote 150 kwa asubuhi na jioni za siku 30, na mtu anayeufuata hukutana kila mwezi na furaha, toba, hasira na shukrani, hata katika siku ambazo moyo wake umekauka na hauna la kusema. Mimi husoma zaburi chache kuliko hizo, kwa kuwa ninapendelea kubaki na moja mpaka iwe sala yangu.

Kuhusu lugha, tafsiri hii ilikamilika mwaka 1952 na ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji waliokuwa na tafsiri za Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na Kimvita, lahaja ya Mombasa. Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuishika kwa heshima, maana ni hapa ambapo mmisionari Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji huu, katika mwaka uleule aliomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya Nyali. Kiswahili cha Union ni kizito na kina mdundo unaokaa kichwani, ndiyo maana aya zake ni rahisi kuzihifadhi na kuzikumbuka ukiwa kazini. Zipo sehemu ngumu, hasa nyaraka za Paulo, na nikiwa katika Warumi huiweka Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi, kando yake ili nipate mtiririko wa hoja kabla ya kurudi kwenye Union kwa ajili ya sala. Nyumba yenye watoto wanaojifunza kusoma ianze na Habari Njema.

Hali ya hewa ya pwani haiihurumii Biblia hii. Karatasi ni nyembamba sana, na wakati wa masika kurasa hunyonya unyevu na kushikamana. Zitenganishe taratibu kwa kuanzia pembeni, usizivute. Zipu ya chuma huota kutu kwa hewa ya chumvi, kwa hiyo ukipata yenye meno ya plastiki, au isiyo na zipu kabisa, ichukue hiyo. Pangaboi likiwa linazunguka litakufunulia kurasa usizozitaka. Kalamu ya wino hupenya hadi upande wa pili. Tumia penseli iliyochongwa kidogo.

Bei hutofautiana kati ya maduka ya vitabu vya Kikristo ya mjini, basi uliza zaidi ya mahali pamoja, na kabla ya kulipa funua kurasa kadhaa ukague kama mshono unashika na kama hakuna ukurasa uliochapwa mara mbili. Ndugu zetu Wakatoliki watambue kwamba toleo la kawaida la Union lina vitabu 66. Wanaohitaji vile 73 watafute toleo jingine. Kwa anayevuka kivuko cha Likoni kila asubuhi na kutumia muda wake mwingi safarini, Biblia hii ni nzito mno kubeba, na ningemshauri anunue pia Agano Jipya dogo la mfukoni lenye Zaburi, la tafsiri hiihii, ili aya aliyoiombea alfajiri aweze kuisoma tena njiani kwa maneno yaleyale.