Pikapu kwa shughuli za Pemba: nilizipima aina sita, nimetulia na Kirikuu ya fowili

Huu ni mwaka wa pili natembea na Suzuki Carry, ile gari ndogo ya mizigo tunayoiita Kirikuu, yangu ni ya fowili, yaani injini inasukuma magurudumu yote manne, na sijaijutia hata siku moja. Wanaonijia kutaka ushauri wengi wao wana fedha ya kununua kitu kikubwa kuliko changu, na neno la kwanza mdomoni mwao ni Hilux, ile pikapu ya Toyota. Nami nilianza hapo hapo. Kabla ya kutoa shilingi nilizunguka miezi minne, Chake, Wete na Mkoani, nikavuka Unguja mara mbili kwenda kuangalia yadi, na nilipomaliza kupima nikachukua gari ambayo mwanzo hata sikuifikiria. Mpangilio wangu ni wa mtu mwenye shughuli kama zangu: ndizi na muhogo kutoka shamba kwenda sokoni, karafuu msimu ukifika, na saruji pale jirani anapojenga. Mwenye shughuli nyengine aangalie sababu, nafasi ya gari kwenye orodha itabadilika kwake.

Kabla ya jina la gari, daftari

Kilichonibadilisha fikra ni daftari la skuli la mwanangu. Kwa mwezi mzima niliandika kila mzigo niliokodi gari kuubeba: ni nini, kiasi gani, umetoka wapi. Nilikuwa na hakika nabeba tani kila siku. Daftari lilinionyesha kwamba siku nyingi mzigo wangu haukufika kilo 400. Siku ambazo mzigo ulizidi tani moja zilikuwa tatu tu, na zote tatu ni za ujenzi, mchanga na matofali. Siku tatu kwa mwezi mtu hukodi lori la Canter, mambo yakaisha. Kununua gari ya tani moja kwa ajili ya siku hizo, halafu siku zilizobaki kuitia mafuta ikiwa nusu tupu, hilo sikuliona kuwa na hesabu.

Jambo la pili niliandika njia. Barabara kuu zetu ni lami na zinapitika, Mkoani kwenda Chake, Chake kwenda Wete, mpaka Konde. Lakini mzigo hauzaliwi kwenye lami. Unazaliwa bondeni, chini ya mikarafuu, kwenye njia ambayo zamani ilichongwa na gari ya ng'ombe na upana wake ni huo huo mpaka leo.

Ya kwanza: Suzuki Carry yenye fowili

Carry imetengenezwa kwa sheria ya Japani ya magari madogo, inayotaka gari isizidi mita 3.4 kwa urefu na mita 1.48 kwa upana, injini isipite sisi (cc) 660, na mzigo usizidi kilo 350. Ukizisoma namba hizo umekaa ofisini utasema hiki ni kichezeo. Zipeleke shamba. Upana wa mita moja na nusu unapita katikati ya mikarafuu bila kukata tawi, na bodi lake la nyuma lina urefu unaokaribia mita mbili, kwa hiyo mikungu ya ndizi hulala yote bila kuning'inia.

Karafuu ndiyo iliyonipa jibu. Karafuu mbichi inatakiwa itoke shamba jioni ile ile, ichambuliwe usiku barazani, asubuhi iwe kwenye majamvi. Ikilala imeshindiliwa guniani hupata joto ikavunda. Zamani tulikuwa tunabeba kichwani mpaka njiani ndipo gari iipokee, na wachumaji wameshachoka. Sasa gari inaingia mpaka chini ya mti.

Na ikikwama? Mwezi wa Aprili mwaka jana, masika yamepamba moto, nilishuka bondeni kuchukua muhogo nikaitia gurudumu la nyuma kwenye mtaro. Udongo wetu ukirowa huteleza kama sabuni, na fowili siku hiyo haikusaidia kwa sababu gurudumu lilikuwa linaning'inia hewani. Tulishusha magunia, vijana wanne wakashika bodi nyuma, "haya, moja, mbili!", wakalinyanyua na kuliweka kando kama wanahamisha kitanda. Gari tupu haifiki hata kilo 800. Hilux ingelala pale mpaka ipatikane trekta.

Sasa mipaka yake, maana wengi huiua wenyewe. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Saba. Nimeona watu wanapandisha kumi na tano kwa kuwa wameongeza pleti mbili za springi, na gari haiinami, basi wanaona imekubali. Pleti zinazuia isiiname tu. Breki ni zile zile, bearing ni zile zile, chasisi ni ile ile, na vilima vyetu vinashuka moja kwa moja kwenye makaazi ya watu. Mimi huenda mara mbili. Lita moja hunipa kilometa kumi na tatu mpaka kumi na nne nikiwa na mzigo, kwa hiyo safari ya pili hainiumizi.

Ukitafuta, angalia namba ya chasisi. Inayoanza na DA63T ni toleo la 2002 mpaka 2013, injini yake K6A, na ndiyo mafundi wetu wanaoijua kwa kufumba macho. DA16T ni ya 2013 kuja mbele, injini R06A, nzuri zaidi kwa mafuta, ila bei yake imepanda. Zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, hakuna mkanda wa kukatika njiani. Chukua gia ya mkono. Nyingi za bei ndogo hazina kiyoyozi wala usukani mwepesi, na injini iko chini ya kiti, mchana wa jua kali utaijua.

Fowili yake ni ya kuwasha na kuzima. Iwashe kwenye matope na mchanga, ukifika lami kavu izime. Ukikata kona kwenye lami huku imeshika, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka kwa mwendo tofauti na yamefungwa pamoja, kinachoumia ni gia za ndani. Dereva wa kukodi mwambie hilo siku ya kwanza kabla hujamkabidhi ufunguo.

Daihatsu Hijet ni ndugu yake na nisingeikataa ikija safi. Honda Acty nimeipanda, inatembea vizuri mno, lakini injini iko katikati chini ya bodi na huku kwetu spea zake utazingoja kutoka Unguja au Dar. Ukitafuta plagi au pampu ya maji ya Carry, unaipata dukani na kurudi kabla ya adhuhuri.

Ya pili: Toyota Townace ya kisasa

Kwa mwenye duka anayechukua bidhaa bandarini Mkoani na kusambaza njia ya lami, hii naiweka mbele hata ya yangu. Injini ya sisi 1,500 ya petroli, inabeba karibu kilo 800, na ni Toyota, kwa hiyo hata kuiuza siku ya shida si kazi. Nilikaribia kuinunua. Nilichukua kamba nikaenda kupima njia ya shamba letu pale inapobana, kati ya mkarafuu na jiwe: ilibaki nafasi ya kiganja kila upande, na hapo bado vioo vya pembeni sijavihesabu. Hapo nikarudi nyumbani.

Ya tatu: Nissan Vanette au Mazda Bongo

Ni gari moja kwa majina mawili, ilikuwa ikitoka kiwanda cha Mazda. Ina nguvu, nyingi zinabeba kati ya kilo 850 na tani, na bei yake ni nafuu kuliko Townace ya umri ule ule. Kwa mchanga, matofali na samaki wenye barafu inafanya kazi bila kulalamika. Kilichoishusha kwangu ni bati la chini: kati ya nilizozikagua, nyingi zilikuwa zimeanza kuliwa pale matao ya magurudumu ya mbele, chini ya miguu ya dereva.

Ya nne: Hilux ya kabini moja

Sitaisema vibaya Hilux. Ile ya dizeli ya zamani, injini 3L au 5L, ni chuma cha kweli. Mwenye kubeba tani kila siku kwenye njia mbovu, mwenye kuvuta boti au kupeleka mawe, anunue hiyo na wala asinisikilize.

Tatizo ni kuipata iliyo nzima. Watu hufikiri Japani imejaa Hilux kama ilivyojaa Kirikuu. Toyota iliacha kuiuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Kwa hiyo ya kutoka Japani ama ni kongwe ya zaidi ya miaka ishirini, ama ni mpya ambayo bei yake ni ya wenye miradi. Zilizo katikati hutoka Thailand, Uingereza au nchi za Kiarabu, na za Kiarabu aghalabu usukani uko kushoto. Niliyoipenda Chake ilikuwa na bei ya Kirikuu tatu, na fundi wangu alipolala chini yake alitoka anatikisa kichwa kabla hajafuta mikono.

Za mwisho

Kabini mbili ni gari ya kupakia watu. Bodi lake limebaki mita moja na nusu, na fedha yote umeilipia viti. Mwenye familia na shamba kidogo atafurahi nayo, mchuuzi hapana.

Guta la injini, la magurudumu matatu, nimeliweka chini kwa sababu ya vilima peke yake. Ndani ya mji wa Chake linatosha kabisa kwa maji, soda na gesi. Likishuka kilima limejaa na kona mbele, sitaki hata kulitazama.

Kutu, na bisibisi mfukoni

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Kisiwani gari haifi kwa injini, hufa kwa kutu. Upepo wenyewe una chumvi, na wengi wetu tunabeba mwani au samaki, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi mpaka kwenye chasisi.

Safari yangu ya kwanza Unguja nilikuta Kirikuu nyeupe inang'aa, chini imepigwa rangi nyeusi nzito, laini kama mpya. Muuzaji akaniambia, "Hii tumeikinga na kutu, bwana." Nilikuwa na bisibisi. Nililala, nikagusa chasisi karibu na springi ya nyuma, nikabonyeza kidogo tu. Ikazama. Nilipoivuta ilitoka na kipande cha rangi kinene kama ganda la yai, na ndani yake unga mwekundu ukanimwagikia mkononi. Rangi ndiyo iliyokuwa imeshikilia umbo la chuma. Nilisimama nikajikung'uta nikaaga, na tangu siku hiyo rangi mpya chini ya gari kuukuu kwangu ni sababu ya kuchunguza mara mbili.

Bonyeza mahali panne: springi za nyuma zinapofungwa, chini ya miguu ya dereva, matao ya mbele, na maungio ya bodi na kabini. Muuzaji akikukataza bisibisi, ameshakujibu.

Kama unaagiza mwenyewe kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Pale kwenye mchoro wa gari huandikwa herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na alama R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Uliza pia ilikuwa inatumika mkoa gani. Hokkaido, Aomori na Niigata ni kwenye theluji, na barabara zao wakati wa baridi humwagiwa chumvi. Gari imeanza kuliwa kabla haijapanda meli.

Yangu nilipoishusha Mkoani, kitu cha kwanza niliiosha chini kwa maji matamu, kwa sababu imekaa kwenye sitaha inapigwa na rasharasha za bahari. Mpaka leo kila Ijumaa asubuhi naiosha chini, na siku ya mwani naiosha siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mara mbili kwa mwaka fundi huipaka oili nzito ndani ya maungio. Kazi ya saa moja.

Kuhusu karatasi: jina kwenye kadi lifanane na la anayekuuzia, namba ya chasisi uisome kwenye chuma chenyewe, na kama gari ina namba za bara, nenda kwanza Mamlaka ya Mapato ukaulize unachodaiwa kabla hujakubaliana bei.

Tairi zake ni 145R12. Usinunue za gari ndogo ya abiria kwa kuwa tundu linafanana. Tafuta zilizoandikwa 6PR au 8PR ubavuni, ndizo zenye nguvu ya mzigo. Kwa muda wote huu nimebadilisha tairi nne, klachi mara moja, betri, na bushi za mbele. Oili ya injini naibadilisha kila kilometa elfu tatu. Injini haijafunguliwa.