Mgahawa wa mboga tupu Chennai: kwa wanaosindikiza wagonjwa

Ndugu zangu wa Mbeya mnaojiandaa kumpeleka mgonjwa India, msijaze begi unga wa ugali. Kuleni cha pale pale. Mimi na mama mdogo tulipanga chumba karibu na Greams Road, mtaa wenye wageni wengi wa hospitali, na mgahawa wa jirani ukawa jiko letu. Nyama, samaki na mayai havipikwi kabisa.

Huku kwetu chakula cha Kihindi ni biriani na sambusa. Kusini mwa India asubuhi ni idli na dosa, na zote mbili ni mchele na choroko nyeusi, vikarowekwa, vikasagwa, vikaachwa usiku kucha vichachuke. Idli hupikwa kwa mvuke, laini, bila mafuta. Mama mdogo alikuwa ameshindwa kula kwa sababu ya dawa, lakini idli zilikaa tumboni, na kwa hilo peke yake naushukuru mgahawa ule. Dosa kwa mbali utadhani chapati ya maji, ila kingo zake hukauka zikawa za kuvunjika na uchachu wake unataka chatini ya nazi.

Kilichoniteka zaidi ni sambar, mchuzi wa mbaazi na ukwaju. Mama mdogo alitoa kipande kirefu cha kijani akakigeuza geuza.

"Mwanangu, hili si tunda la mlonge?"

Ndilo. Sisi tunakausha majani tuyafanye dawa, wenzetu wanapika tunda likiwa changa: unanyonya nyama ya ndani, nyuzi unaziacha. Harufu iliyomshtua mwanzoni ilikuwa ya mvuje, ambao yeye aliujua kama dawa ya watoto wachanga. Kule hutiwa kidogo kwenye mafuta ya moto pamoja na haradali, ukali wote ukaisha.

Mchana wali huletwa juu ya jani la mgomba, na mtu wa Tukuyu hapo hana la kushangaa. Unakula kwa mkono wa kulia: kwanza na sambar, kisha na rasam, supu nyepesi yenye pilipili manga ya kukutoa jasho, mwisho na mtindi wa kupoza. Wahudumu wanapita na ndoo wakiongeza bila kuombwa. Ukishiba, kunja jani kuelekea kwako. Wali wenyewe hauna harufu ya mchele wa Kyela, hilo siwezi kulificha, na saa saba mtabanana meza moja na watu msiowajua.

Kahawa inastahili sifa. Nimekulia Mbozi kwenye mibuni, nyumbani tukivuna na kuuza, majani ya chai ndiyo tukinywa. Pale huchujwa nzito, mara nyingi ikiwa imechanganywa na mzizi wa chikori, ikatiwa maziwa ya moto na kumiminwa huku na huku hadi itoe povu. Mwenye kisukari aseme mapema, kwa kuwa sukari hutiwa jikoni.