Glezi safi, mdomo mchafu: uzoefu wangu na gereji moja hapa Malindi

Jamani mnivumilie nikiandika kwa fujo, bado nina hasira. Juzi juzi tuktuk ilinikwaruza Vitz yangu, mlango na madigadi ya mbele, pale karibu na soko, na mwenyewe akapotea na vumbi lake, basi hiyo tuiache. Nikapeleka gari gereji moja hapahapa Malindi, jina silitaji.

Rangi yenyewe sina neno. Imeshikana na ile ya zamani vizuri, hata juani hujui mpya imeanzia wapi. Kilichonifurahisha zaidi lakini ni kijana mmoja pale, ndo aliyepaka glezi, ile krimu ya kung'arisha rangi, baada ya rangi kukauka, na kwa mkono tupu na kitambaa, hakuna mashine. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikanyanyuka kwenda kumwangalia. Kwanza akagusa mlango kwa mgongo wa kiganja kuona kama una joto, akasema bado, tukangoja kivuli cha mwarobaini kizunguke, manake bati likiwa la moto glezi inagandia na kuacha mistari na hapa kwetu saa saba mchana bati linachoma. Alafu akatia tone dogo tu kwenye kitambaa, akasugua taratibu kipande kwa kipande, akageuza kitambaa upande msafi akafuta kabla haijakauka. Hana haraka. Mlango ukatoka unang'aa kama maji ya kisimani.

Nikamuuliza mbona hupaki nta kabisa tumalize? Akaniambia, "Dada, rangi hii ukiigusa ni kavu lakini ndani thina bado inatoka. Ukiiziba na nta sasa hivi utaiharibu. Ngoja kwanza." Wenye kutengeneza rangi wanasema ungoje siku 30 mpaka 90 ndo upake nta, inategemea na rangi na kama imekaushwa kwa moto au kwa hewa, na hii yangu ilikauka kwa upepo wa Mungu. Glezi haizibi, ndo maana inafaa rangi changa. Na mashine hakutaka kuitumia kwa sababu inapasha joto, rangi bado laini, ukiteleza kidogo kwenye ukingo umeila mpaka praima, ile rangi ya chini. Akanionyesha na chupa, Meguiar's namba 7, haina nta haina silikoni. Silikoni kwenye gereji ya rangi ni balaa, chembe zake zikifika kwenye bati la gari inayofuata, rangi inakimbia inaacha vishimo. Kijana mdogo lakini anaijua kazi yake, nami nikaondoka roho kwatu.

Sasa ngoja nifike kwa mwenye gereji.

Wakati wa kulipa akaniongezea pesa, ati ya "kinga". Kinga gani? Akasema hiyo glezi iliyopakwa ina silikoni, itazuia chumvi ya bahari mwaka mzima. Silikoni! Chupa nimeisoma kwa macho yangu. Na kama ingekuwa kweli basi anajiharibia gereji yake mwenyewe, si ndiyo? Lakini jua linawaka, nimechoka, nikatuma M-Pesa nikaondoka.

Gari imeoshwa mara chache tu, mng'aro umepungua, na ukiisimamisha juani unaona mikwaruzo myembamba ya duara imejaa mlangoni, ile iliyoachwa na msasa kabla kijana hajaifunika. Mie sikushangaa. Glezi kazi yake ni hiyo, mafuta yake yanajaza vijistari ili jicho lisivione, na sabuni ikipita inayatoa. Glezi haina kosa. Nilirudi kwa jambo moja tu, ile pesa ya kinga irudi, manake kinga haikuwepo.

Nikamwamkia vizuri, "Shikamoo mzee." Hakuitikia. Nikamweleza. Anakunywa chai, hajanitazama usoni, wateja wengine wamejaa hapo, akanambia, "Mama, haya mambo ya magari huwezi kuyaelewa. Mwambie mzee wa nyumbani aje tuongee."

Mzee wa nyumbani!

Nikamwambia gari ni yangu, logibuku ina jina langu, na siku ile M-Pesa ilipoingia hukuuliza ni ya mzee gani. Watu wakacheka. Yeye akasema mimi ndo nimeiharibu kwa kuosha na sabuni ya nguo, kisha akampigia kelele yule kijana, eti anatoa siri za kazi kwa wateja. Hapo ndo niliposhikwa na hasira kweli, kijana wa watu amefanya nini? Kuniambia ukweli?

Pesa sijapata mpaka leo. Benchi lao bovu pia, limenitoboa dera, na sijui kwa nini mtu anapiga rangi magari jirani na banda la makuti linalomwaga vumbi upepo wa kusi ukivuma.

Nilipokuwa natoka kijana akanifuata mpaka kwenye geti, akaninong'oneza kwamba rangi ikishakomaa niilete aipolishi hiyo mikwaruzo itoke kabisa, ndo nipake nta. Kwa hiyo nitarudi? Wallahi sirudi. Labda nimngoje siku ambayo bosi wake hayupo. Aa, sijui.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikiuangalia mlango nasema nne, glezi ya mkono kwa rangi mpya mfanye, tena msikubali mashine. Nikikumbuka "mzee wa nyumbani" nataka kufuta zote. Basi weka mbili, na zote mbili ni za kijana, mwenye gereji asizihesabu.