TAHADHARI: "Kamera za AI" zenye video ya kijana wa kofia nyekundu

Ndugu zangu wa Dar, kuna jamaa anapita mitaani na kwenye magrupu ya WhatsApp anauza kamera nne kwa laki sita na nusu. Anasema zinamtambua mtu, ila paka, mvua na majani zinayapuuza. Hela yangu kachukua, simu zangu hapokei tena.

Mtego wake ni kulinganisha. Anaweka skrini mbili. Moja anaiita "ya kawaida": pazia likitikisika tu, inalia. Kwenye ya pili, "yake", kijana wa kofia nyekundu anapita, anazungushiwa kisanduku cha kijani, alamu inalia. Mti nyuma yake unayumba, kimya. Niliamini palepale. Sikuangalia saa ya kwenye kona ya picha. Iliandika 10:14, yaani saa nne asubuhi, na sisi tulikuwa saa tisa alasiri. Ilikuwa video ya kurekodi! Na ile "ya kawaida", fundi mwingine alikuja kuniambia, huwa wanaipandisha wepesi wa kuhisi hadi mwisho makusudi.

Tukazifunga kwa mama, Mbagala. Usiku wa kwanza simu yake ililia mpaka alfajiri: khanga kwenye kamba, taa za bodaboda zikimulika ukuta, na zaidi ya yote buibui. Alitanda utando mbele ya lenzi kabisa. Kumbe ni zilezile za kulinganisha picha na picha iliyotangulia. Mwanga ukibadilika popote, zinasema kuna mtu. Usiku wa tatu mama akazima sauti ya simu apate usingizi. Usiku huohuo pampu ya maji ikaibwa.

Nilipompata muuzaji akasema, "Punguza wepesi wa kuhisi." Nikapunguza. Khanga haikulia tena, ila mdogo wangu alitambaa kando ya ukuta kutoka getini hadi kwenye tangi na simu haikulia hata mara moja. Kutambaa si jambo la kupuuza. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilipoandaa i-LIDS, mkusanyiko wa video za kupimia mifumo hii, iliweka humo hata watu wanaousogelea uzio kwa kutambaa.

Akifika kwenu, mwambie aunganishe kamera yenyewe anayouza, mbele yako, gizani. Pita, chuchumaa, tambaa. Mwenzako atikise nguo, awashe na kuzima taa. Hesabu imemwona mtu mara ngapi na imelia bure mara ngapi. Shika hesabu zote mbili, kwa sababu moja hurekebishwa kwa kuiharibu nyingine. Kamera zinazomtambua mtu kweli zipo, ila nazo hukosea usiku mtu akiwa mbali. Na hela isitoke bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, haina hata jina la duka.

Wiki hii ameonekana Kigamboni, na video ni ileile ya kofia nyekundu.